Waliokulia katika makao wasinyimwe vitambulisho

Kwa Mhariri,

Huku taifa la Kenya likijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa 2027, vijana wanahimizwa kila uchao wajiandikishe kuwa wapiga kura. Mimi ni mmoja wa wanaowahimiza, kwani tangu nilipotoka katika makao ya watoto nilikolelewa nimekuwa nikijitolea kuhamasisha umma katika mitaa ya Nakuru. Hata hivyo, wapo wenzangu waliokulia makao ambao wamefikisha umri wa miaka 18 na wito huu hauwafai kitu, kwa kuwa hawana kitambulisho.

Anayeomba kitambulisho kwa mara ya kwanza hutakiwa kuwasilisha cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Aliyeokotwa akiwa kichanga atakitoa wapi? Nilimsindikiza binti mmoja hadi ofisi ya usajili akiwa na barua ya makao pamoja na amri ya mahakama iliyompeleka huko, lakini karani akazirudisha karatasi zote na kumtaka aje na mjomba au shangazi wa kumtambua. Lau angekuwa na mjomba wa kumchukua, mahakama isingempeleka makao.

Haya yanatendeka ilhali Kifungu cha 14(4) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtoto anayepatikana nchini akiwa na umri wa chini ya miaka 8, au akionekana hivyo, na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa, nacho Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata hati za utambulisho. Bila hati hiyo kijana hapigi kura, hawanii hata kiti cha uwakilishi wadi, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake.

Naunga mkono kwa dhati mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaolenga kuwarejesha watoto katika familia na jamii. Lakini mtoto atakayerudishwa kijijini bila cheti cha kuzaliwa ataikuta foleni ile ile. Naiomba Idara ya Huduma za Watoto ihakikishe kila mtoto aliye katika makao ana cheti hicho mapema, na ofisi za usajili ziagizwe kukubali amri ya mahakama na barua ya afisa wa watoto pale ambapo mzazi hajulikani. Aidha, kamati zinazosimamia mageuzi haya katika kaunti ziwe na wanachama waliokulia makao, wenye haki ya kupiga kura ndani ya kamati, kwa sababu tumechoka kualikwa kwenye hafla kusimulia machungu yetu kisha maamuzi yakafanywa tukiwa tumeshaondoka.

Mtetezi wa haki za watoto,
Nakuru