Kombo, usirudishe advansi ya watu

Vienna, Jumapili usiku

Kombo ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Wa nyumbani hawajambo? Mama mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua umenisema kwa Zulfa. Amenifikishia yote, mpaka lile neno. Haya, yaishe.

Kilichonikalisha kuandika ni ile picha ya mheshimiwa. Nasikia umechora, umefuta, umechora tena, na sasa unataka kumrudishia advansi yake kwa sababu ile pua imekushinda. Ngoja kwanza.

Juzi nilikuwa nakimbia baridi, nikajitosa makumbusho ya sanaa hapa, Kunsthistorisches. Nikakutana na kazi za Giuseppe Arcimboldo, mtu wa Milan aliyekuja Vienna 1562 kuchorea watu wa kasri. Ukiwa mbali unaona kichwa cha mtu aliyegeuza uso pembeni. Ukisogea, mtu hayupo. Ile ya Maji, ya 1566, ni viumbe zaidi ya 60 waliobanana kama samaki kwenye tenga: kasa na kaa kifuani, pweza, marijani nyekundu utosini. Halafu katikati ya utelezi wote ule, mkufu wa lulu shingoni! Nilicheka peke yangu, mlinzi akanikodolea macho.

Ile ya Kiangazi, ya 1563, meno ni njegere na sikio ni hindi. Enzi hizo hindi lilikuwa kitu kigeni Ulaya, si la kuchoma barabarani. Na Kipupwe ni kisiki kikavu kilichojifunika mkeka, mkekani kuna herufi M, ya Maximilian, kaizari wao. Nikamkumbuka shangazi yako na mikeka yake ya majina.

Lakini pua, turudi kwenye pua. Picha hizi hazikuwa kejeli. Kaizari Maximilian II alikabidhiwa siku ya Mwaka Mpya 1569, pamoja na shairi la kumsifu: majira yote, na moto, hewa, ardhi na maji, vyote viko chini yake. Mwanawe, Rudolf II, ndiyo kabisa. Alichorwa kama mungu wa majira wa Warumi, mwili mzima matunda na mboga, pua tunda la pea. Unadhani alinuna? Mwaka 1592 akampandisha mchoraji cheo. Picha hiyo sijaiona, iko Uswidi. Askari wao waliibeba kutoka Prague 1648.

Sasa mheshimiwa wako si Rudolf, hilo nalijua. Ila nyusi za mkonge, mashavu machungwa ya Muheza, kola ya... sijui, wewe ndiye fundi. Na ile pua, Kombo, tusidanganyane, ile ni fenesi.

Au anza na ndogo, kwenye kipande cha ubao, umwoneshe mkewe kwanza. Yeye akicheka, umepona.

Hivi mheshimiwa anataniwa? Advansi ilikuwa kiasi gani, na umebakiwa na ngapi? Chande bado ana lile turubai? Au nikutumie rangi, akija mtu? Na lile neno, ulilisema kweli au Zulfa katia chumvi?

Wako,
Shomari