Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Msingi ya Kompyuta na Ufundi Wake kwa Mgeni Rasmi, Temeke, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kituo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Temeke, na tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi wakati wengi wanakuhitaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miezi sita iliyopita wengi wetu tuliamini kwamba kuijua kompyuta ni kujua kuchapa barua na kufungua intaneti. Siku ya kwanza mwalimu hakutuwashia mashine hata moja. Alitupa bisibisi na kompyuta iliyokufa, akatutaka tuitaje kila sehemu kwa jina na kwa kazi yake: madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine, RAM ambayo ni kumbukumbu ya muda, diski kuu (hard disk) inayohifadhi mafaili, feni, na pawa saplai inayoipa mashine umeme. Hiyo pawa saplai ilitufundisha uangalifu mapema. Nyuma ya zile za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230, na mtumba uliotoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120, huweza kufika swichi ikiwa bado kwenye 115. Ukiuchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila kuisogeza swichi hiyo, utasikia mlipuko na kuona moshi kabla hujauondoa mkono.

Upande wa programu tulijifunza kupakia mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kuondoa virusi na, kabla ya yote hayo, kunakili mafaili ya mwenye mashine mahali salama.

Kilichotugusa zaidi ni kumhudumia mtu ambaye mashine ndiyo riziki yake. Mama mmoja mwenye duka la steshenari alituletea kompyuta iliyokuwa ikizima yenyewe kila baada ya dakika chache, naye alikwisha kuambiwa na fundi mwingine kwamba madabodi imekufa na anunue mpya. Tulimuuliza tatizo lilianza lini, huzima akifanya nini, na mashine imewekwa wapi. Akajibu kuwa ipo sakafuni, karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi. Tulipofungua tulikuta feni imezibwa na vumbi lililoshikana kama sufi, na grisi ya kupoza prosesa imekauka ikawa unga. Tulisafisha, tukapaka grisi mpya, tukaishindisha ikiwaka kutwa nzima, haikuzima. Mama yule hakununua madabodi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kwako si kompyuta mpya. Tunaomba zile mbovu na zile zilizopitwa na wakati, ambazo zimerundikwa kwenye stoo za ofisi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa vifaa vyake bado ni vizima na zinaweza kufanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo endeshi mwingine ambao hauna ada. Kwetu mashine ya namna hiyo ni somo la wiki nzima, na ikishapona inaweza kupelekwa kwenye shule isiyo na kompyuta hata moja. Tunafahamu kuwa ofisi husita kuzitoa kwa kuhofia siri zilizomo, nayo ni hofu ya haki, hasa kwa kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa sababu hiyo tuko tayari kuifuta diski kuu kikamilifu mbele ya mtumishi wa ofisi husika, au kuipokea mashine ikiwa imeshatolewa diski.

Pamoja na hizo, tunaomba multimita tatu, yaani vifaa vya kupimia umeme, kwa kuwa hadi leo darasa zima linapokezana moja, na UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ya kutulinda umeme unapokatika tukiwa katikati ya kupakia mfumo.

Tunaomba kuwasilisha.