Bahari tunawaachia nyie, kijana wangu mpokee

Malaba, Novemba 2025

Ndugu yangu Baba Rehema,

Salamu nyingi kutoka mpakani, upande wetu wa Uganda, hadi kwenu Mombasa. Sisi tu wazima, mvua haitupi nafasi, na mama watoto anakusalimu, anasema ile achari uliyoahidi bado hajaiona. Nimekaa kimya muda mrefu, najua, na simu zako nilikuwa naziona. Lakini ujumbe wako wa juzi, ati tunakuja lini kuchukua bahari ili mtupikie pilau, umenichekesha mpaka nikaona hili si la kujibiwa kwa meseji.

Ni kweli, Rais wetu Mzee Museveni alisema bahari ni yetu pia. Alikuwa Mbale, redioni, akatoa mfano wa jengo la ghorofa, kwamba anayekaa juu naye ana haki na uwanja wa chini. Jioni ile kwenye ajono, pombe yetu Wateso ya kunywa kwa mirija, palichafuka. Nusu ya wazee walikuwa tayari kwenda vitani na mirija yao. Nusu nyingine wakauliza, tukishapewa bahari, Mteso gani anajua kuogelea?

Mimi niliwaambia haki ya kupita tunayo. Imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari, wa 1982: nchi isiyopakana na bahari ipitishiwe mizigo yake. Sasa karatasi hiyo ipeleke kwenye mizani ya malori ya Mlolongo uone kama itasogeza lori hata hatua moja. Maji hayajawahi kuwa shida yetu. Shida ni zile kilomita zaidi ya 1,100 kutoka Kilindini hadi Kampala, na kwamba yeyote aliyekaa katikati akinuna, sisi huku tunalala njaa. Mwanzoni mwa 2008 nyinyi mligombania kura zenu, reli ikang'olewa Kibera, petroli ikaadimika Kampala kwa watu ambao hawakupiga hata kura moja Kenya.

Na ile ya Januari 2022 hukuiona, ulikuwa umeshahama. Madereva waligoma kwa sababu ya kulipishwa dola 30 za kipimo cha korona. Foleni ya matrela ilirudi nyuma upande wa Kenya hadi macho yanachoka. Nilitembea kando yake asubuhi moja nikitafuta mzigo wa mteja. Tanboi mmoja alikuwa amefunga kamba kutoka kioo cha gari hadi kioo cha gari la mbele, ameanika mashati. Chini ya trela kuna jiko, sufuria ya ugali, na dereva amelala pembeni, kichwa juu ya kandambili. Magari hayajasogea kiasi kwamba kuku wa watu walikuwa wanataga kati ya matairi. Huku kwetu kuna sehemu lita ya petroli iliuzwa shilingi 10,000 za Uganda. Mgomo wa siku chache tu, barabara moja.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Ngoja nilifikie polepole.

Unalikumbuka jengo letu, ukumbi wa chini, dirisha lako na langu. Unakumbuka lori likikaa hapa siku mbili, tatu, sisi mawakala wa forodha tunakimbia na makaratasi, dereva analala loji, anakula kwa yule mama wa samaki, anakata nywele, anatuma pesa nyumbani. Ulipoanza mfumo wa forodha ya pamoja 2014, ushuru wa Uganda ukawa unalipwa mzigo ukiwa bado bandarini kwenu. Sikuhizi ni sili ya elektroniki, lori linasimama kidogo, limekwenda. Mombasa hadi Kampala, wakubwa wanasema tulitoka siku 18 tukafika siku 4. Sibishi. Nchi imefaidika na hata mimi saruji nanunua. Ila maendeleo yalipita Malaba bila kushuka garini. Ukumbi wetu sasa unauza chipsi. Mzee wa Mihuri amerudi kulima mtama, Kadogo yuko Oman, na mteja wangu mkubwa wa mwisho, yule mama wa vitenge wa Goma, tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari hajaagiza hata robota moja.

Na reli ndiyo hiyo inakuja. Baada ya Wachina kutuzungusha miaka, Oktoba 2024 serikali ilisaini na Waturuki wa Yapi Merkezi, kilomita 272 kutoka hapa Malaba hadi Kampala, euro bilioni 2.7. Yenu imekomea Naivasha tangu 2019, kwa hiyo sijui zitakutana wapi. Zikikutana, yule mama wa samaki atamuuzia nani? Kontena halili samaki. Mafuta nayo tuliyagundua 2006, bomba likapelekwa Tanga badala ya kwenu, kilomita 1,443 za bomba la kupashwa moto kwa sababu mafuta yetu yanaganda kama samli. Hadi leo hatujauza pipa hata moja.

Sasa mpwa wangu. Yule uliyempa jezi ya timu ya Bandari akiwa mdogo. Amekua, ana cheti cha uwakala wa forodha kile cha Afrika Mashariki, alikipata kwa alama nzuri, na anaendesha boda boda mpakani akivusha watu na magunia. Dada yake alikuwa Kiryandongo kwa wakimbizi wa Sudan. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka huu, mkataba wake ukaisha. Watu wote wanatusifu kwa kupokea wakimbizi, zaidi ya milioni 1.7, na ni haki watusifu, lakini msichana yuko nyumbani anachambua maharagwe. Kwa hiyo nyumba nzima inamtazama kijana, na kijana anatazama Dubai. Kuna wakala anamdai pesa za viza, na dada yangu tayari anatafuta mteja wa kipande cha shamba. Nimemwambia asubiri nikuandikie wewe kwanza.

Kazi tuliyokuwa tunaifanya haikufa, Baba Rehema, ilihamia kwenu. Basi mtu aifuate. Hiyo ndiyo bahari ninayoitaka mimi.

Niambie ukweli, usinionee haya: zile ofisi za klaringi za huko Moi Avenue bado zinachukua vijana wa mizigo ya Uganda, au zimejaa? Kitambulisho cha kuvukia anacho, lakini kibali cha kazi anaanzia wapi, na ni kweli raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipishwi, au ni maneno ya mikutanoni? Anaweza kulala kwako Changamwe mwezi wa kwanza? Chumba cha Rehema kina mtu? Chakula nitatuma, mchele na karanga, usikatae. Na yule Mhindi wetu wa zamani bado yupo, na bado ananikumbuka kwa mema? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana mwenye kununua shamba ameshaleta kamba ya kupimia.

Ni mimi,
Odongo

N.B. Achari iwe ya embe. Ya ndimu tunayo.