Shukrani kwa mama yangu wa Makunduchi

Shikamoo mama. Ulikataa jina lako lisiandikwe kwenye tasnifu, nami nimetii. Basi niruhusu nikushukuru hapa. Watu wa kusini Unguja watakujua wenyewe.

Utafiti wangu wa uzamili wa isimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulihusu vitenzi vya Kimakunduchi, ambacho wengi huko mnakiita Kikae. Shida ya kutafiti lahaja ni ileile kila mahali: mgeni akitoa kinasa sauti, wazee wanahamia Kiswahili cha mjini, cha redioni na shuleni. Nilikuwa narudi na rekodi safi kabisa za kitu nisichokitafuta.

Wewe ndiye uliyeniambia nifunge daftari. Ulinikalisha na wanawake waliokuwa wakichambua mwani, ukawaeleza habari ya kurekodiwa, wakaridhia. Kisha kinasa sauti ukakifunika kwa upande wa kanga na kuanza kuwachokoza kwa mambo ya harusi. Haikuchukua muda, wakawa wanakatizana kwa Kikae kitupu! Jogoo aliyewika karibu ulimfukuza kwa kandambili. (Anasikika kwenye rekodi, na kandambili pia.)

Halafu zile jioni za kusikiliza sentensi mojamoja, ukinirudisha nyuma kila niliponukuu ovyo. Kazi hiyo hakuna profesa ambaye angeniwezea.

Tasnifu imepita. Nakala yako imejalidiwa, inakuja kwa boti. Ahsante sana mama, Mungu akulipe kheri na akuzidishie afya. Wasalimie wote wa mwani.