Mtwara kuna cha kuona, hakuna wa kukieleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Mtwara Mjini, na wageni wanaoteremka kwenye mabasi ya Dar es Salaam mara nyingi huangukia kijiweni kwetu. Huuliza, "Hapa kuna nini cha kuona?" Madereva wenzangu wana jibu lao tayari: asubuhi Mikindani, jioni Shangani ukaogelee, umemaliza.

Sina ugomvi na Mikindani. Ni kama kilomita kumi tu, lami tupu, na mimi mwenyewe ndiko ninakopatia hela ya maana. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa vizuri, limekuwa hoteli. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi bado zipo, ingawa nyingine miti imeshaota ndani na ukuta unaegemea mizizi. Ipo pia nyumba inayosadikiwa kuwa Livingstone alikaa humo alipoteremka Mikindani Machi 1866, safari yake ya mwisho. Mgeni akitoka pale anamjua Livingstone vizuri. Chuma na Susi, waliokuwa kwenye msafara ule ule na ambao mwaka 1873 walikuwa mbele kuibeba maiti yake kutoka bara hadi pwani, mgeni huyo hawajui hata kwa jina. Na Chuma alikuwa Myao, kama nusu ya abiria wangu.

Hoja yangu hasa ni Mtwara yenyewe, ambayo watu wanasema haina historia kwa sababu haina magofu.

Tuna kata inaitwa Reli. Mgeni akiuliza treni inaondoka saa ngapi, kijiwe kizima kinacheka. Lakini treni ilikuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaja na mradi mkubwa wa karanga: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa pori. Karanga za Nachingwea zilihitaji pa kutokea, na ghuba ya Mtwara ina kina kirefu. Ndipo wakapanga bandari, reli na mji mpya mzima, barabara pana, mtaa huku na mtaa kule, wakisubiri watu na mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hata makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamishwa kutoka Lindi kuletwa hapa. Wakati huo mradi wenyewe ulikuwa umeshakufa: serikali yao iliuacha mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zimeteketea. Bandari ikakamilika, karanga hazikuja. Reli ikang'olewa 1962.

Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa kutandika mataruma kwenye reli hiyo. Uzeeni alilima korosho, lakini akitaka kukumbuka mwaka fulani alikuwa anasema "enzi za karanga", na ndugu zake wote walimwelewa. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba kutoka Ligula kwenda bandarini ni mbali na nauli ni kubwa, mimi huwa namwambia akawadai Waingereza. Wengi wanadhani natania.

Hicho ndicho ninachotaka kionyeshwe. Mji wetu ni kama shati lililoshonwa kwa mtu mnene ambaye hakutokea, na sisi tumelivaa mpaka limeanza kutukaa. Gesi ya Mnazi Bay inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015. Bandari imepata gati jipya, msimu wa korosho malori yanapanga foleni, makaa ya mawe ya Ruvuma nayo yanashuka huku. Jioni ukikaa Shangani unaona meli kubwa ikipenya kwenye mlango mwembamba wa ghuba, karibu kiasi kwamba watoto wanawapungia mabaharia. Nimeona wageni wakiacha kuogelea ili waitazame. Meli ile inapita njia iliyoandaliwa kwa ajili ya karanga, na pale ufukweni hakuna mstari mmoja ulioandikwa wa kuwaambia hivyo.

Majirani zetu wa Lindi wana kesi kubwa kuliko yetu. Mjusi wao wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913, amesimama kwenye makumbusho Berlin, Ujerumani, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hilo nawaachia wenyewe.

Ombi langu kwa halmashauri na wenye hoteli halihitaji fedha nyingi. Wekeni vibao vichache: kimoja kwenye kivuko cha Msangamkuu, ambako watu husubiri wakiwa hawana la kufanya, kimoja Reli, kimoja ufukweni Shangani. Kibao cha bandari kikae nje kabisa ya geti, kwa sababu mgeni akishaona maandishi atataka kupiga picha, na mimi sitaki kwenda kumweleza mlinzi. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo, Majengo, nalo liingizwe kwenye ratiba. Michoro iliyojaa kutani mle ilichorwa na padri Mbenediktini, Polycarp Uehlein, na wageni niliowapeleka hawakutaka kutoka. Sisi madereva tupewe karatasi moja yenye maelezo sahihi, maana sasa hivi kila mmoja anajitungia, na mwenzangu mmoja bado anawaambia watu kwamba bandari ilijengwa na Wareno.

Maandishi yaanze na Kiswahili kikubwa, Kiingereza kifuate chini. Wazungu watapita siku mbili. Wanafunzi wanaovuka kutoka Msangamkuu watayasoma kila asubuhi.

Dereva wa bajaji,
Chikongola, Mtwara.