Malalamiko Kuhusu Huduma ya Kutoa Data za Wanafunzi Mliyotujengea

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya idara ya rekodi ya shule zetu, ambazo ziliingia mkataba na kampuni yenu ili mzijengee huduma ya kutoa data, yaani programu inayosoma mfumo mkuu wa taarifa za wanafunzi na kuipatia mifumo ya maktaba, mitihani na masomo ya mtandaoni orodha za wanafunzi, walimu na madarasa kwa kufuata kiwango cha OneRoster, yaani kanuni za pamoja za kubadilishana orodha za shule kati ya mifumo, toleo la 1.1. Huduma hiyo ikiulizwa hujibu, tena hujibu upesi. Tunacholalamikia ni kwamba majibu yake hayaaminiki, na kila tunapowaeleza wataalamu wenu hutujibu kwamba tukakague mifumo inayopokea. Tumeikagua, na kasoro haiko huko.

Kwa jinsi tunavyoona, chanzo ni kimoja. Kila usiku huduma yenu hufuta nakala yake yote ya data na kuijenga upya, kama karani anayechoma daftari la jana kabla ya kufungua la leo, na kwa sababu hiyo haina njia ya kujua nini kimebadilika wala nani ameondoka.

Athari kubwa zaidi imejitokeza kwenye vitambulisho. Kiwango kinataka kila rekodi iwe na sourcedId yake ya pekee, ambayo mifumo mingine huitumia kumtambua mwanafunzi yuleyule leo na mwakani. Ninyi mmekiunda kitambulisho hicho kwa kuunganisha namba ya darasa na nafasi ya mwanafunzi katika orodha, kwa hiyo mwanafunzi akihamishiwa mkondo mwingine, au jina jipya likiingizwa juu ya lake, anapewa kitambulisho kipya. Mfumo wa masomo ya mtandaoni humwona kuwa mgeni na kumfungulia akaunti nyingine, huku kazi na alama zake zikibaki katika akaunti ya zamani. Lililotusikitisha zaidi ni kukuta kitambulisho kilichoachwa na mwanafunzi mmoja kikipewa mwenzake, naye akafungua akaunti na kukuta kazi zisizo zake. Hilo si usumbufu mdogo. Ni kuvuja kwa taarifa za mtoto, na tungetarajia kampuni inayojitangaza kwa kazi za shule ilione hivyo bila kuelezwa.

Wanaoondoka nao wana shida ya namna yake. Mwanafunzi akihama, rekodi yake ilipaswa kubaki katika majibu ikiwa na hali ya tobedeleted, yaani ya kufutwa, kwa muda wa kutosha ili kila mfumo uisome na kufunga akaunti yake. Kwenu rekodi hutoweka tu. Mfumo unaouliza mabadiliko peke yake haupati habari yoyote, na aliyehama huendelea kuingia darasani mtandaoni. Isitoshe, ujenzi wa kila usiku hubadilisha dateLastModified, yaani tarehe ya badiliko la mwisho, ya rekodi zote kwa pamoja, hivyo anayeuliza kilichobadilika tangu jana hupewa kila kitu.

Kisha kuna saa za ujenzi wenyewe. Swali likifika wakati nakala ya zamani imefutwa na mpya haijajaa, huduma hurudisha orodha tupu pamoja na jibu la 200, maana yake kila kitu kiko sawa. Mfumo wa maktaba, ambao hulinganisha orodha nzima, ulielewa kwamba shule haina mwanafunzi hata mmoja na ukasitisha kadi zote. Jibu la 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, lingeufanya usubiri na kuuliza tena baadaye.

Naongeza kwa ufupi kwamba kurasa za majibu hazina mpangilio maalumu, hivyo majina mengine hujirudia na mengine hurukwa kati ya ukurasa mmoja na unaofuata. Vilevile ufunguo wa kuingilia data mliotoa kwa maktaba unafungua hadi tarehe za kuzaliwa, ingawa kiwango chenyewe kimeziweka kwenye anwani ya pekee ya demographics, yaani taarifa binafsi za mtu, jambo linalorahisisha kumnyima asiyezihitaji.

Tunaomba mtengeneze vitambulisho vya kudumu visivyotegemea darasa wala nafasi ya mtu, mhifadhi kumbukumbu ya kila rekodi iliyotolewa, na mbadilishe ujenzi wa usiku ili nakala ya zamani iendelee kujibu hadi mpya ikamilike. Ufunguo wa maktaba tumeshausitisha, na tunahitaji mwingine wenye mipaka. Tunahitaji pia jedwali linalooanisha vitambulisho vya zamani na vipya, kwa kuwa bila hilo marekebisho yenu yatazaa akaunti pacha kwa shule nzima kwa mkupuo mmoja. Majaribio yafanyike kwenye seva ya majaribio kwa data za kubuni, yakihusisha mwanafunzi anayehama mkondo, anayeondoka na anayerudi.

Malipo ya awamu ya mwisho tutayazuia hadi majaribio hayo yafaulu mbele ya wataalamu wetu. Tafadhali tujulisheni kwa maandishi ni nani atakayesimamia kazi hii na ataianza lini.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Idara ya Rekodi za Wanafunzi