Mbona makopo mawili ya rangi ya buluu hayalingani bei?

Dada mmoja anayeuza picha Msasani alitujia hapa dukani kwetu wiki iliyopita na mchoro wa twiga uliorudishwa na mnunuzi. Anga lilikuwa buluu iliyokolea. Miezi michache ukutani, jua la dirishani likalila, likabaki kama kanga iliyofuliwa mno. Ilituuma, maana pesa ya mnunuzi aliirudisha yote.

Unapolipia rangi, kikubwa unacholipia ni unga wake, ule unaoipa rangi yenyewe. Chaki ya kujazia ni rahisi. Ikizidishwa, kopo linajaa lakini rangi haina nguvu. Na unga wenyewe una daraja: upo unaostahimili jua na upo usioweza.

Buluu imekuwa mambo ya pesa tangu zamani. Ulaya, iliyo bora ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na waliovikwa hiyo pichani walikuwa watu kama Bikira Maria. Mwaka 1824 chama kimoja cha viwanda Ufaransa kiliahidi faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kwa bei nafuu. Jean-Baptiste Guimet akashinda. Kilichoingia tanuruni ni udongo mweupe, magadi, salfa na mkaa. Udongo! Tangu hapo hata mchoraji asiye na tajiri nyuma yake akaweza kupaka anga zima.

Hapa kwetu tunajua maana yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alishika vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia baiskeli. Rangi ya kiwandani ndiyo iliyompa mtu wa kipato kidogo kazi ambayo hadi leo inalisha nyumba nyingi mjini hapa. Kwa hiyo hatumcheki anayeuliza kopo la bei ya chini.

Ila lijaribu kwanza. Kijiko kimoja cha buluu, vijiko kumi vya nyeupe: yenye chaki nyingi itakaribia kupotea. Nyeupe na hadibodi zipo kaunta, jaribu kabla hujalipa. Nyeusi ya masizi chukua ya bei ndogo, haipauki. Pesa iweke kwenye anga, bahari na nyekundu.

Kuhusu jua, tumetundika mlangoni vibao vya kila rangi tunayouza, nusu imefunikwa kwa foili. Ukifika, funua mwenyewe ulinganishe.